Mkono wa Ahsante

Salha alikuwa akimnawisha mumewe kwa ajili ya chakula cha jioni alipoona kwamba kiganja cha kulia kimepungua. Alishika birika kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, kama alivyofanya kila jioni tangu aolewe, na maji ambayo siku zote yalijaa kwenye kile kiganja yakawa yanamwagika pembeni kabla Mbaruku hajaanza kusugua. Akamwambia akunjue vidole vizuri. Mbaruku akasema amevikunjua. Wakala ugali kwa mlenda, na Salha akawa anayatazama matonge ya mumewe. Yalikuwa madogo, ya mtu aliyelazimishwa kula. Kwa muda alikuwa amenuna kimoyomoyo akidhani mwanamume huyu amechoka na mapishi yake, kumbe mapishi hayakuwa na kosa lolote.

"Baba Stara," alisema, "mkono wako umekwenda wapi?"

"Barabarani," alisema Mbaruku, akaendelea kula.

Mtaa mzima wa Majengo, pale Dodoma, ulijua kwamba wapanda baiskeli wa barabara ya Dar es Salaam wanaliwa. Basi linapompita mtu kwa karibu, upepo wa ubavuni huondoka na kiasi kidogo cha mtu huyo, kama kile ambacho sabuni ya mche hupoteza kwa kufua shati moja. Damu haitoki, na maumivu hakuna, ila ubaridi kidogo mahali palipoguswa. Na kwa kuwa sisi huendesha kushoto, basi humpita mwenye baiskeli kwa mkono wa kulia, ndiyo maana kuliwa huanzia kulia. Salha aliyajua hayo kama anavyojua kwamba Agosti kuna vumbi. Ambalo hakulijua ni kwamba yameshaingia nyumbani kwake, yamekaa mkekani, yanakula naye.

Mbaruku hakuzaliwa mtu wa baiskeli. Alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma hadi mashirika yalipoanza kuvunjwa moja baada ya jingine, na la kwake likafikiwa. Siku ya mwisho walipangwa uani, mkubwa mmoja akawashukuru kwa utumishi wao uliotukuka, na kila mmoja akapewa saa ya ukutani. Mbaruku alilia siku ile, si kwa kazi aliyoipoteza, bali kwa jinsi alivyoshukuriwa vizuri. Kiinua mgongo chake kikawa baiskeli, Phoenix nyeusi, na baiskeli ikampatia kazi kwa mtu mmoja aliyefungua tanuri la mikate karibu na stesheni ya reli. Kila alfajiri alifunga sanduku la mbao kwenye keria, akalijaza mikate ya moto, akaipeleka Ihumwa na Mtumba. Mkate lazima ufike kabla ya chai. Ukifika baada ya chai, mwenye duka anakutazama kama umemletea msiba.

Shida ni kwamba saa ya mikate ndiyo hiyo hiyo saa ya mabasi. Zamani mabasi ya kwenda Dar es Salaam yalikuwa mawili matatu, yakitoka yalipojisikia. Sasa kila mwenye uwezo ameruhusiwa kuleta basi lake. Yalikuja yakiwa yameshazeeka kwenye nchi za watu, yakapakwa rangi mpya, na yote yakawa yanachomoka stendi kwa pamoja, yakigombea abiria walewale waliosimama na mizigo yao Ihumwa, Mtumba na Buigiri. Atakayefika wa kwanza ndiye atakayewapakia. Kwa hiyo yalipitana, moja likiwa nje na jingine ndani, yakiijaza barabara yote, na lile la ndani likamkuta Mbaruku na sanduku lake kwenye ukingo. Ukingo wenyewe ulikuwa umemomonyoka. Chini yake kulikuwa na mchanga mwekundu, laini, ambao gurudumu likiuingia halitoki, na mkate ulioanguka mchangani haununuliwi hata na mwenye njaa. Hivyo Mbaruku alibaki juu ya lami.

Tena kulikuwa na adabu ya barabara. Basi likipiga honi nyuma yako, unanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, na kuuacha hivyo mpaka basi liishe kupita. Huko ndiko kumshukuru dereva. Ukiwauliza wanamshukuru kwa lipi, watakujibu bila kusita: amekuona, amekupigia honi, na hakukugonga. Mtu akikutendea hayo ukamnyamazia, wewe ni mtu wa namna gani? Mkono wa kushoto haufai, kwa sababu hakuna anayemshukuru mtu kwa mkono wa kushoto. Mgeni wa barabara hufundishwa jambo hili siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kufunga mzigo. Mbaruku alifundishwa na Hanifu, muuza samaki wakavu, mkongwe wa njia ile, aliyekuwa ameshaliwa hadi kwenye kiwiko na sikio moja halipo. Na Mbaruku, kwa jinsi alivyolelewa, alishukuru kuliko wote. Alishukuru mabasi, akashukuru malori, na wakati wa vikao vya Bunge, magari ya wakubwa yalipopita kama yanafukuzwa na moto, akayashukuru moja moja.

Salha alimwomba aache kunyoosha mkono.

"Nipite tu kimya, kama mbuzi?" aliuliza Mbaruku, na kwa kweli alitaka kujua.

Kipupwe kilipoingia, kiganja kilikuwa kimekwisha na mkono unaanza kuliwa kuelekea juu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alipunguza mikono ya kulia ya mashati yote bila kuuliza, akasema nguo za wapanda baiskeli wa Ihumwa ndizo zinazompa vitambaa vya viraka. Msikitini, safu iliposimama bega kwa bega, upande wa kulia wa Mbaruku palibaki uwazi ambao haukuzibika hata jirani yake alipomsogelea, na imamu akageuka kwa upole kuwakumbusha watu wazibe nafasi. Sanduku nalo likaliwa pamoja na mikate iliyokuwa upande ule, ikawa inafika Ihumwa imekatwa slesi nyembamba, safi kabisa. Wenye maduka walifurahi. Walimwomba Mbaruku aipange ili yote ikatwe.

Wakati wa kula mambo yakawa magumu zaidi. Mbaruku hakukubali kula kwa mkono wa kushoto. Alikaa mbele ya sinia akilitazama, mtu mzima mwenye mvi, mpaka Salha akakata tonge, akalichovya, akamtia mdomoni. Siku ya kwanza waliona haya wote wawili, wakawa wanatazama saa ya ukutani. Baadaye ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Salha alimlisha huku akikadiria kwa macho kilichobaki, na kila jioni alipata jibu lile lile. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya jambo moja tu: kwamba asubuhi moja mumewe atatoka na mikate, na mikate itafika bila yeye.

Basi akajifunga khanga yake nzuri akaenda kwa askari wa barabarani aliyesimama kwenye mzunguko. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumcheka. Alimuuliza kama mzee amegongwa. Salha akasema hapana. Akauliza kama basi lilimgusa. Salha akasema halikumgusa, lilipita tu. Askari akasema hapo ndipo penye ugumu, kwani yeye anahitaji jeraha ili amwandikie karatasi ya kwenda hospitali, na mkono usiokuwepo hauwezi kuwa na jeraha. Alimshauri amwambie mzee akae kushoto zaidi. Salha akamweleza kwamba kushoto zaidi ni mchangani. Askari akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akapuliza filimbi kuruhusu basi lipite.

Kutoka pale Salha akaenda stendi. Basi lililompita Mbaruku kwa karibu kuliko yote lilikuwa limeandikwa *Msinisubiri* kwenye paji la uso, na jioni ile lilikuwa limetoka Dar es Salaam, limeegeshwa ukutani likiwa tupu. Upande wa kulia lilikuwa basi kama mabasi mengine, bati baridi lenye vumbi. Salha akazunguka upande wa kushoto. Wauza karanga wawili walikuwa wameegemea pale migongo yao ikiota joto, maana upepo wa jioni ulikuwa mkali, na ubavu ule wa basi haupoi. Walimpisha. Walimwambia hata tiketi za upande wa kushoto ndizo zinazotangulia kuisha, hasa miezi ya baridi, na kwamba anayekaa dirishani huko husinzia mapema akiwa ameegemea bati.

Salha alipapasa bati kuanzia mlangoni. Joto lilibadilika kadiri alivyokwenda. Mahali pengine lilikuwa la mtu asiyemjua, mahali pengine lilikuwa na harufu ya samaki wakavu. Karibu na gurudumu la nyuma aliacha kupapasa. Joto la hapo alilijua kwa mgongo wake, kwa miaka yote aliyolala ameliegemezea mgongo. Akaweka shavu. Chini ya rangi, bati lilikuwa likipanda na kushuka polepole, kama mtu anayekaribia kukoroma.

"Shikamoo, mama," alisema mtu nyuma yake.

"Marahaba," alisema Salha, bila kuondoa shavu.

Alikuwa Fredy, dereva wa *Msinisubiri*, kijana mnene mwenye sauti ya chini na kitambaa cheupe shingoni. Salha alimwambia yeye ni mke wa nani, na uso wa Fredy ukanawiri. Alisema mzee wa mikate ni mtu wake. Wengine wananyoosha mkono kama wanafukuza nzi, lakini yule mzee anashukuru kwa moyo, unamwona hata kwenye kioo. Aliuliza hali yake. Salha akamjibu kwamba hali yake iko hapa, kwenye bati hili, na akamwomba awe anampita kwa mbali.

Fredy alifikiri kwanza. Ni lazima isemwe kwamba alifikiri. "Mama, nikitoka nje kidogo tu, wa nyuma yangu anaingia ndani," alisema. "Atafika Ihumwa kabla yangu na abiria ni wake. Nikirudi mtupu mara mbili, tajiri anampa mwingine basi. Ningekuwa peke yangu barabarani, wallahi ningemzunguka yule mzee kama namzunguka mwanangu." Kisha akaenda ndani ya basi, akatoka na kigoda cha konda, akakiweka karibu na gurudumu la nyuma. Alisema mama anaweza kukaa hapo kila basi likiwepo, mpaka wakati wa kulipeleka kuoshwa.

Salha alikaa. Angefanya nini? Tangu hapo jioni moja alikwenda stendi kukaa na mumewe na jioni nyingine alibaki nyumbani kukaa na mumewe, kwa kuwa *Msinisubiri* lilikuwa linalala siku moja Dodoma, siku moja Dar es Salaam. Kwa njia hiyo sehemu ya Mbaruku ikaiona Dar es Salaam, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia. Alipoambiwa alifurahi, akauliza kama bahari inasikika kutoka stendi.

Lakini Salha hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kupewa kigoda. Ijumaa moja baada ya swala aliwaita wapanda baiskeli uani kwake, akawapikia chai ya tangawizi na maandazi. Walikuja wote, wakaegemeza baiskeli ukutani: Hanifu, Marko wa Ihumwa anayebeba marobota ya mitumba, na wengine wa mkaa na kuku. Ukiwatazama kutoka kushoto walikuwa wanaume wazima. Ukizunguka upande wa pili ulilazimika kuwatafuta. Salha aliwaambia hataki mengi, anataka siku moja tu wasinyooshe mkono. Washike usukani kwa mikono waliyonayo, wakae juu ya lami, wanyamaze.

Mtu mmoja akapuliza chai yake ingawa ilikuwa imepoa.

"Na wakisema tuna dharau?" aliuliza Marko.

"Waseme," alisema Salha.

Hanifu alikuna mahali lilipokuwa sikio lake. "Shemeji, jambo hili ni zito," alisema, na akakubali.

Kesho yake Salha hakufanya kazi yoyote ya maana. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mbaruku aliporudi, kabla hajashuka vizuri, Salha alimzunguka akamkagua, na hapakuwa na kilichopungua. Bega lilikuwa palepale lilipokuwa asubuhi. Upepo ulikuwa umepita ukakosa mahali pa kushika. Salha alicheka kwa sauti hadi jirani akachungulia, akamshika Mbaruku shavu, akasema sasa wamepona. Ndipo akamwona Mbaruku hacheki.

Mbaruku alimweleza wakati wa kula, kati ya tonge na tonge. Mabasi yalipita yakipiga honi na hakuna aliyenyoosha mkono. La kwanza likapita, la pili likapita. *Msinisubiri* lilipowapita lilipunguza mwendo, likasimama mbele yao kabisa, kabla ya Nzuguni, huku mabasi mengine yakilipita na abiria wa Ihumwa wakienda na mabasi hayo. Fredy akashuka. Akawasubiri wafike. Akawaamkia wote, mmoja mmoja, wakubwa kwa shikamoo, kisha akauliza amewakosea nini. Alisema kama kuna neno alilosema au jambo alilofanya, wamwambie kama mtoto wao, wasimwadhibu kwa kumnyamazia. Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani. Mama mmoja mtu mzima akasema hajawahi kuona wazee wasio na shukrani namna hii, kijana wa watu anawapigia honi vizuri.

"Mkafanyaje?" aliuliza Salha, ingawa alishajua.

"Hanifu akaomba radhi kwa niaba yetu. Tukampa mkono, kila mtu na alichonacho." Mbaruku alimeza. "Alikuwa anakaribia kulia, Mama Stara. Kabisa. Kapoteza abiria wote wa siku ile kwa ajili yetu."

"Na wewe?" alisema Salha. "Wewe hujaona la kumliza mtu hapo?"

Alisema hivyo akasukuma sinia. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia. Kumchukia Fredy alishindwa, maana aliamkia vizuri. Kumchukia Mbaruku alishindwa pia. Akaichukia saa ya ukutani, akaitoa msumarini, akaiweka chini ya kitanda ikiwa inaendelea kugonga.

Fredy hakuwa na kinyongo. Ili walijue hilo, tangu siku ile alianza kuwapita karibu zaidi, ahsante zao zimfikie vizuri, na madereva wengine waliposikia habari wakamuiga. Mikono ikanyooshwa kuliko zamani. Watu wa mkaa wakaisha wawili. Mmoja wao, baiskeli yake ilifika Mtumba ikiwa inatembea wima, gunia limefungwa vizuri, ikaegemea ukuta wa duka ambako alikuwa akiiegemeza siku zote. Mwenye duka alipima mkaa akaupokea.

Kwa Mbaruku lilikwenda bega, likafuata shavu, ubavu, paja la kulia. Aliendesha kwa mguu wa kushoto tu, akisukuma pedali na kuivuta tena kwa kidole gumba cha mguu huo. Aliporudi nyumbani ilibidi afunge mlango wa uani haraka, maana upepo wa Dodoma unaofahamika na kila mtu ungeweza kumtoa. Stara, binti yao, alikuja kutoka Mlali alikoolewa, akakaa siku mbili upande wa kushoto wa baba yake akimsimulia habari za mahindi, na alipoondoka alimwambia mama yake kwamba baba anasikia vizuri. Asubuhi ya mwisho Hanifu alimrudisha kabla mikate haijafika Ihumwa, akiwa amemtia chini ya kamba ya mzigo ili asipeperuke. Alimshusha polepole. Walimlaza kando ya ukuta, mahali upepo haufiki, na hakuchukua nafasi kubwa kuliko mkeka uliokunjwa. Alikuwa na jicho moja, nusu ya mdomo, na adabu yake yote.

"Mwambie tajiri samahani kwa mikate," alisema.

Mwenye tanuri alikuja mwenyewe kumjulia hali, akaleta mikate miwili isiyokatwa. Alisema anasikitika sana. Alisema pia, akiwa ameshasimama kuondoka, kwamba Ihumwa wanataka mkate, kwamba vijana wanaoiulizia njia hiyo ni wengi, na kwamba baiskeli ni mali ya mama, hivyo atangoja mpaka kesho asikie mama anasemaje. Salha alisema asingoje. Atapeleka yeye.

Watu walidhani ni kwa sababu ya ugali, na ni kweli ugali ulitakiwa kupikwa. Lakini Salha alikuwa ameshapiga hesabu nyingine, peke yake, huku akimfunika Mbaruku shuka lililokunjwa mara nne. Kilichobaki nyumbani kilikuwa kidogo. Sehemu kubwa ya mume wake ilikuwa inakimbizwa kati ya Dodoma na Dar es Salaam, imepakwa rangi ya kijani, na watu wasiomjua wanaisinzilia. Hakuweza tena kukaa nyumbani akingoja iletwe jioni.

Alivaa suruali ya Mbaruku ndani ya gauni, akafunga khanga kiunoni, akafika kwenye tanuri alfajiri. Hakuna aliyeshangaa. Hanifu alimsaidia kufunga sanduku. Kisha akasimama mbele yake, akainua kile kipande kilichobaki begani mwake, akasema kwa unyenyekevu, "Shemeji, kuna ule mkono."

"Sinyooshi," alisema Salha. "Sikuja kumshukuru mtu."

Wakatoka kwa safu, Salha nyuma kwa sababu ndiye mgeni, wakaupita uwanja wa maonyesho wa Nanenane ukiwa mtupu, wakaingia barabara ndefu ya Ihumwa. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mashamba ya zabibu kandokando yalikuwa yamekatiwa matawi, na mbele jua lilikuwa bado chini ya vilima. Mikate ilimpa Salha joto mgongoni. Alishika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika mdomo wa gunia.

Alisikia honi. Akasikia na honi ya pili, ya basi linalotaka kulipita la kwanza, na barabara nzima ikaanza kutetemeka chini ya gurudumu. Hakugeuka. Kwenye ukingo, mchanga mwekundu ulikuwa karibu kiasi cha kumwita. Akajiambia ashike usukani, ashike, ashike. Kisha ubavu wa kijani ukafika, karibu hata angeweza kuusemesha, na upepo wake ulikuwa wa moto katika baridi ile. Ulipita mlango, yakapita madirisha na vichwa vilivyosinzia, ikapita harufu ya samaki wakavu. Likafika eneo la gurudumu la nyuma. Salha alijua joto hilo ni la nani. Lilikuwa linampita kama mtu asiyemfahamu, linakwenda Dar es Salaam, na hakuweza kuliacha lipite hivyo hivyo bila salamu. Mkono wake wa kulia ukaachia usukani, ukanyooka, kiganja wazi.

Kwenye kioo Fredy aliuona. Akapiga honi mara mbili, fupi fupi, ile ya furaha, na *Msinisubiri* likaliacha nyuma basi jingine, likapinda kuelekea Ihumwa.

Mikate ilifika kabla ya chai. Ya upande wa kulia ilikuwa imekatwa vizuri, na wenye maduka walimkaribisha mama kwa heshima. Jioni, baada ya kurudi na kuoga, Salha alisonga ugali, akachemsha mlenda, akaketi kando ya ukuta karibu na Mbaruku. Akanawa. Maji yakamwagika pembeni ya kiganja. Alikata tonge, akalichovya, akamtia kwenye nusu ya mdomo, naye akatafuna polepole huku jicho lake likiufuata ule mkono ukirudi kwenye sinia.

"Mama Stara," alisema, "matonge yako yamekuwa madogo."

"Basi nitakulisha mengi," alisema Salha, akakata jingine.